GeneXpert haioni bakteria, inanasa DNA yake
Asanteni kwa habari yenu kuhusu GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, ila pale mlipoandika kwamba "inaona" bakteria wa ugonjwa huo naomba niongezee, maana niko maabara. Inayoona ni darubini, na makohozi yakiwa na bakteria wachache mara nyingi haioni kitu.

Ndani ya katriji ya aina ya kwanza (kikasha kidogo cha plastiki kinachowekwa makohozi na kuingizwa kwenye mashine) vimo vipande vitano vifupi vya DNA vilivyotengenezwa na binadamu, kila kimoja kimejikunja kama kibanio cha nywele. Kikikutana na sehemu inayolingana nacho kwenye jeni la rpoB la bakteria, kinafunguka na kutoa mwanga ambao mashine inausoma. Vingine vikishika na kimoja kikakosa, jeni limebadilika, na hapo tunajua rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu inayoshambulia kinachotengenezwa na jeni hilo, huenda isimsaidie mgonjwa huyo. Majibu ndani ya saa 2, wakati kuotesha bakteria huchukua wiki kadhaa!

Lakini kipimo hiki kisitumike kufuatilia kama dawa zinafanya kazi. DNA ya bakteria waliokufa nayo inanaswa, kwa hiyo mtu anapona huku majibu yakisema bado ana bakteria. Hapo darubini bado inahitajika.

Kinachotuumiza sisi ni umeme. Umeshachanganya makohozi na kemikali ya kipimo, umetikisa, umesubiri dakika 15, umepakia, kisha umeme unakatika katikati ya kipimo. Katriji imeharibika, na mama aliyetoka kwake alfajiri anaombwa makohozi mengine. Andikeni na hilo, tafadhali.