Wahispania Hawamo Katika Leseni Yako

Mjomba wa mke wangu aliingia Uingereza mwaka 1979, mwaka ule ule Margaret Thatcher alipoingia Downing Street kama waziri mkuu, na tangu hapo humzungumzia mama huyo kana kwamba walishuka ndege moja. Alifanya ufundi wa televisheni mjini Reading zaidi ya miaka ishirini, akastaafu, na sasa ana ugomvi mmoja tu duniani, nao ni leseni ya televisheni, ada ya kila mwaka ambayo nyumba za Uingereza huilipa kuiendesha BBC. Mimi nililelewa Tanga katika nyumba ambayo baba alikuwa akinyamazisha hata kuku ikifika saa ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kwa hiyo katika ukoo huu ndimi mtetezi wa leseni hiyo. Hakuna aliyenichagua, nilijiteua.

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2024 tulimwalika aje kula biriani na kutazama fainali ya Kombe la Ulaya, England na Hispania, kutoka Berlin. Zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu Labour waichukue nchi kutoka kwa Conservative, chama cha Thatcher na cha Mjomba, na Mjomba bado alikuwa msibani. "Bungeni tumebaki na viti 121!" alisema akivua viatu mlangoni, kama mtu aliyekwenda sokoni na gunia akarudi na kipakacha. Nilimpa shikamoo, akaiitikia, na kabla sijamkaribisha kiti akaiona televisheni ikiwa kwenye BBC One.

"Mkwe, hamisha. Weka ITV. Hawa nimeshawapa fedha zangu, macho yangu siwapi."

Mchezo huo ulikuwa ukirushwa na vituo vyote viwili, na Mjomba hupenda ITV kwa sababu ya matangazo ya biashara, ambayo huyatazama kwa heshima ambayo wengine huiweka kwa ajili ya wimbo wa taifa. Kwa maelezo yake, pale muuza biskuti anakulipia mpira, nawe hudaiwi kitu. "Lakini hata nikikaa ITV usiku kucha," akaendelea, "ambako BBC hawajatia hata senti moja, sheria inataka niwe na leseni yao. Ni kununua samaki kwa Athumani, ukadaiwa na Salimu."

Hapo nikaweka sahani chini. Nilimweleza, kwa sauti ya waziri anayesoma bajeti, kwamba sheria inamtaka leseni mtu yeyote anayetazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, na tangu mwaka 2016 hata anayetazama vipindi vya BBC mtandaoni kwenye iPlayer. Kwamba redio ilifutiwa leseni tangu mwaka 1971. Na kwamba pauni 169.50 kwa mwaka, bei ya mwaka huo wa 2024, ni peni 46 kwa siku, fedha ambazo hapa mjini hazinunui hata kikombe cha chai.

"Ni kodi ya kichwa," akajibu. "Mwenye kasri na mfagiaji wa kasri wanalipa sawasawa."

Kusema kweli hoja hiyo ni nzito, na mpaka leo sina jibu lake. Lakini sikuwa nimekaa pale kutafuta ukweli. Nilikuwa nimekaa kushinda. "Mjomba," nikamwuliza kwa adabu zote, "hivi ile kodi ya kichwa yenyewe, iliyowaingiza Waingereza barabarani mwaka 1990, ililetwa na nani?"

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga kwa visa ya miezi sita na ambaye hajui tofauti ya Labour na Conservative, alicheka ndani ya kanga. Kicheko hicho kiliniponza. Nikapanda juu zaidi. Nikamkumbusha Mjomba kwamba mwaka 1985 Thatcher huyo huyo aliunda kamati chini ya mchumi Alan Peacock, mtu wa soko huria, watu wakitegemea kwamba itapendekeza BBC ijiendeshe kwa matangazo ya biashara, na mwaka uliofuata kamati ikarudi na kusema matangazo hapana. Mjomba akasema kamati ile ilinyweshwa chai.

Kisha nikagusa kidonda. Kuanzia mwaka 2000, chini ya Gordon Brown, waziri wa fedha wa Labour, kila aliyefikisha miaka 75 alipata leseni bure. Mwaka 2015 serikali ikautua mzigo huo mabegani mwa BBC, na ilipofika Agosti 2020 BBC ikaibakiza leseni ya bure kwa wale tu wanaopata msaada wa pensheni kwa kipato kidogo. Mjomba alifikisha miaka 75 mwaka 2023. Alikuwa ameingojea leseni ya bure kama mtu anayengoja basi kituoni, akaliona linampita huku kondakta akimpungia mkono.

"Na aliyewatwisha BBC mzigo huo," nikasema, "ni waziri wa fedha George Osborne. Wa chama chako."

Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo wanaume waliooa wanalifahamu. Mjomba hakupandisha sauti. Alinawa mkono taratibu, akaufuta, akauliza: "Mkwe, wewe mwenyewe unalipa?"

"Kila senti, Mjomba."

"Ilete niione."

Niliitoa kwenye droo ya hati za kusafiria na kuibwaga mezani bila kuifungua, kama mcheza karata anavyolibwaga jokari. Mjomba akavaa miwani. Alisoma mstari mmoja mmoja, kidole kikitembea, kisha akatabasamu lile tabasamu la fundi aliyekiona kifaa kilichoungua.

"Hii ni leseni ya televisheni ya nyeusi na nyeupe," alisema. "Pauni 57."

Ukutani kwetu, televisheni ya inchi 55 ilikuwa ikionyesha nyasi za Berlin, kijani kibichi mpaka unasikia harufu yake.

Naomba nijitetee. Nilijaza fomu ile alfajiri, nikitoka zamu ya usiku. Iliniuliza kama televisheni ni ya rangi au nyeusi na nyeupe. Nikaitazama televisheni, ikiwa ingali ndani ya sanduku lake, na ilikuwa nyeusi tii. Nikajibu nilichokiona. Zilipodaiwa pauni 57, nilifikiri ni awamu ya kwanza na kwamba zilizobaki benki ingezikata yenyewe. Wakati ule bado kulikuwa na nyumba elfu chache katika Uingereza nzima zilizokuwa zikikata leseni ya aina hiyo, na moja wapo ilikuwa nyumba ya mtetezi wa BBC.

"Peni 16 kwa siku," Mjomba akapiga hesabu. "Sasa naelewa kwa nini unaipenda."

Kipindi cha kwanza kilikuwa kinaendelea bila bao. Aliwageukia wachezaji kwenye kioo. "England wamevaa nyeupe, hao umewalipia, watazame kwa raha zako. Lakini Wahispania wamevaa nyekundu. Wahispania hawamo katika leseni yako."

Mke wangu akamtafsiria mama yake kwamba faini yaweza kufika pauni 1,000. Mama mkwe aliinuka, akafunga mapazia, akatamka kwamba yeye hakuja Ulaya kufungwa. Ndipo Mjomba, wakati wa mapumziko, akaomba rimoti na kuingia katika vyumba vya ndani vya televisheni ile ambavyo mimi sijawahi kuvifikia, akaishusha rangi mpaka sifuri. Nilijaribu kueleza kwamba kinachohesabiwa ni televisheni yenyewe, na kwamba mtu hasamehewi leseni ya udereva kwa kuwa anaendesha polepole. Hakuna aliyetaka kusikia sheria kutoka kwangu.

Tukatazama kipindi cha pili katika kijivu. Nico Williams akafunga dakika ya 47. Mjomba akaendelea kula embe. Cole Palmer aliposawazisha dakika ya 73, aliruka mpaka miwani ikamdondoka, akasema bao hilo ni halali kwa kuwa limefungwa na jezi nyeupe. Oyarzabal akafunga la pili la Hispania zikiwa zimebaki dakika nne, nyumba ikanyamaza, England yote ikanyamaza.

"Kwa leseni ya nyumba hii," alisema Mjomba akivaa viatu, "England bingwa, moja bila."

Jumatatu asubuhi nililipia leseni ya rangi. Rangi yenyewe, hata hivyo, haijarudi, kwa sababu Mjomba alifunga mipangilio kwa namba ya siri yenye tarakimu nne, na anasema ataitaja siku nitakapoandika kwa mkono wangu kwamba BBC iweke matangazo ya biashara. Tunatazama taarifa ya habari ya saa nne usiku huku mtangazaji akiwa amevaa tai ya majivu. Nimejaribu 1979, 1983 na 1987, miaka yote ambayo Thatcher alishinda uchaguzi, na zote zimekataa. Mke wangu anashauri nijaribu 0057. Sijaijaribu, kwa sababu nahofu itafungua.