Mama abaki kihambani au ashuke mjini?

Kila Desemba, magari yakishapanda Kibosho, Uru, Marangu na Machame, huku Uchagani mlimani Kilimanjaro, ndugu hukaa kikao: vipaimara, mipaka ya kihamba (shamba la migomba la familia, penye nyumba), ada za watoto. Miaka hii limeongezeka jingine. Mama anasahau. Ameacha sufuria motoni mpaka ikaungua, na kwa mara ya tano leo anauliza kama baba amerudi, wakati baba alizikwa zamani pale pale kwenye migomba. Mtoto mwenye uwezo husema, "Nitamchukua, nikae naye Arusha," na wote hushusha pumzi. Anayesema mama abaki hapa hapa huonekana anakwepa mzigo.

Wa kwanza ana hoja nzito. Mgonjwa wa demensia, huu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hasahau tu. Anaanguka, ana presha, na maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga akili ghafla kabla aliye naye hajaelewa kuna nini. Mjini hospitali iko karibu. Mlimani kuna jiko la kuni, kuna mfereji, kuna mteremko wenye utelezi wa masika. Na kumwachia binti wa kazi peke yake, mwenyewe bado mtoto, huko si kumtunza mzazi.

Lakini ugonjwa huu una mwendo wake. Aghalabu huanza na mambo ya juzi na jana, ya zamani yakabaki. Mama asiyekumbuka kama amekunywa chai bado mikono yake inajua kumenya ndizi za mtori na kukata majani ya ng'ombe, na miguu inajua njia ya kanisani. Mpeleke kwenye nyumba ya Njiro, Arusha, yenye geti na milango minne inayofanana, mmoja wao ukiwa wa choo. Kila anachotakiwa kukijua pale ni kipya, na kipya ndicho asichoweza kukishika. Akijikojolea, watasema ugonjwa umezidi. Pengine ni choo tu hakukiona.

Halafu kuna lugha, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Wazee wengi wa mlimani walianza na Kichaga, Kiswahili kikaja baadaye. Demensia ikiendelea, wengine hurudi kwenye lugha ya kwanza. Sasa mwone yuko Arusha: wajukuu hawajui Kichaga, dada wa kazi ametoka Singida, mwanawe anarudi saa mbili usiku. Anaomba maji, analetewa kanga. Anasema anaumwa, anaambiwa, "Bibi, tulia." Akipiga kelele wanasema amekuwa mkali. Kihambani, jirani anayepita na mzigo wa majani anamjibu kwa Kichaga, na jioni inaenda. Dawa za kuuondoa ugonjwa huu hazipo. Mtu wa kumjibu anaweza kuwepo.

Kubaki nyumbani hakumalizi kila kitu. Wapo wanaokaa kwenye nyumba waliyoolewa miaka hamsini iliyopita, na jua likizama wanafunga kitenge wakitaka "kwenda nyumbani", yaani kwa mama yao aliyekwisha kufa. Ila akitoka barabarani Kibosho, mtu atamshika mkono na kumrudisha, kwa kuwa anajulikana ni mama nani.

Wala hatuzungumzii familia chache. Utafiti uliofanywa vijijini Wilaya ya Hai na kuchapishwa 2013 ulikadiria demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, karibu mzee mmoja kati ya kumi na sita. Hesabu wazee wa jumuiya yenu.

Kinachowaangusha wanaotetea kihamba ni kunyamaza kuhusu anayebeba. Kwa mila, kitindamimba hurithi nyumba na kubaki na wazazi. Anayefua mashuka usiku ni mkewe. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hutoa asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa. Ndugu wa Dar es Salaam akituma pesa ya sukari na pampasi, anahesabu amemaliza zamu yake, na shemeji hajatoka hata kwenda kikoba.

Ndiyo maana kwenye kikao cha Desemba, kabla ya kuulizana nani atamchukua mama, ningetaka shemeji aitwe kutoka jikoni, apewe kiti, aulizwe: usiku mama anaamka mara ngapi, na wewe mara ya mwisho ulilala mpaka asubuhi lini?