Kabla ya kununua sipiyu ya kuchezea gemu, beba futi

Mpwa wangu alinijia baada ya swala ya Ijumaa na shilingi 40,000 mfukoni. "Mjomba, nichukue ex-UK niitie kadi ya grafiki, ama ningoje nikusanye vipande vipya?" Barazani kwao Kibokoni, Mombasa, walikuwa wameshagawanyika. Kundi moja lilimwambia achukue mashine ya ofisi iliyotumika Uingereza acheze usiku huohuo, jingine likamwambia atakuja kujuta.

Wa ex-UK wana hoja nzito. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ziliundwa ziwake ofisini kutwa, miaka nenda miaka rudi. Pesa unayolipa inakupa kasha, prosesa, madabodi, RAM na pawa saplai kwa mpigo mmoja, na mara nyingi bado ni chini ya bei ya prosesa na madabodi mpya peke yake. Core i5 ya kizazi cha 8 ina kori 6. Ipe kadi ya GTX 1650 na SSD (diski ya kasi), na GTA V au eFootball haitakusumbua. Tena duka liko Moi Avenue: ikikataa kuwaka, unaibeba na kwenda kusimama pale kaunta. Kipande kilichoagizwa Nairobi kikiwa kibovu, kinarudi Nairobi kwa basi, nawe unakaa ukingoja simu.

Mimi nilikuwa upande huo bila masharti, mpaka nilipoitwa Tudor kwa jirani mmoja. Alinunua sipiyu nyembamba, ile ya kulazwa chini ya monita, kisha akanunua kadi bila kupima. Kimo cha kadi kikawa kikubwa kuliko unene wa kasha. Akafungua bati la nyuma la kadi akidhani ndilo lililozuia, akaichomeka hivyohivyo, kifuniko kikakataa kufunga. Akacheza kasha likiwa wazi, dirishani, upepo wa bahari ukiingia. Nilipofika, skrubu zilikuwa zimeshika kutu na feni inalia kama mlango wa banda la kuku. Tulizing'oa RAM tukazisugua ncha zake zinazoingia tunduni kwa kifutio cha penseli ndipo mashine ikakubali kuwaka.

Hapo ndipo ubishi wa barazani unapokosea. Watu wanabishana mtumba au mpya, na kumbe kitu cha kwanza kuuliza ni kasha gani. Sipiyu nyembamba inapokea kadi za kimo kifupi tu. Tundu la kadi halitoi zaidi ya wati 75, na pawa saplai ya mashine hizo kwa kawaida haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hivyo umebaki na GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019, tena zile za umbo fupi, na chache nyingine. RX 6400 ya 2022 inavutia kwa kuwa inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe 4.0 (njia ambazo kadi huongea na madabodi), na kwenye mashine ya PCIe 3.0, yenye njia za polepole, inapoteza nguvu kabla hujaanza kucheza. Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi, maana Dell na HP wana plagi zao wenyewe. Ukishatia kadi moja, safari ya kuiboresha imeishia hapo.

Na hiyo 1050 Ti ya bei ya kutupa, iangalie mara mbili. Kuna kadi kuukuu zilizoandikwa jina jipya ndani ya programu yake. Mwambie muuzaji aichomeke, afungue GPU-Z, programu ya kuitambua kadi, mbele yako. Akianza kununa, ondoka.

Kizazi pia kina gharama yake. Mashine za kizazi cha 4, za mwaka 2013 hivi, ndizo za bei ya chini kabisa. Lakini Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Anayecheza gemu za zamani bila intaneti hana haja ya kujali. Anayetaka gemu ya Valorant kwenye Windows 11 atadaiwa TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama za ndani ya mashine, na hapo mashine ya 2013 inamwangusha.

Sasa hao wa vipande vipya. Mfano wao mzuri ni prosesa ya Ryzen 5 5600G ya 2021: ina grafiki yake ndani, unacheza gemu nyepesi leo bila kadi, kesho unatia karibu kadi yoyote kwa sababu kasha na pawa saplai ni za kipimo cha kawaida. Huko ndiko kuboresha kwa kweli. Ila grafiki hiyo inakopa RAM ya mashine, kwa hivyo inataka vijiti viwili, na bei ya RAM imepanda tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza mali kwenye mitambo ya akili mnemba. Ongeza monita, ambayo vijana huisahau kila mara, na kitu cha kuikinga mashine umeme ukiyumba. Hiyo 40,000 haifiki. Mwenye mshahara na subira, haya. Mpwa wangu hana hata kimoja.

Nilimwambia achukue ex-UK, lakini tawa (lile kasha pana la kusimama), kizazi cha 8, na RAM iwe vijiti viwili. Ile nyembamba ya "nitaboresha baadaye" nisingeinunua hata kwa nusu bei.

Jumamosi tulienda mjini na futi ya cherehani ya mamake. Muuzaji alipotuona tunapima ndani ya kasha akacheka: "Mwashona nguo ama mwanunua kompyuta?" Sentimita zilitosha. RAM ilikuwa kijiti kimoja cha gigabaiti 8, na kwa kile cha pili tulibishana naye mpaka adhana ya adhuhuri.