Kuchoma uso wa kasti (chuma cha kumimina): kutu inapungua kweli?

Juzi pale Igombe nilishika hauzingi (ganda la nje) ya pampu ya umwagiliaji imetolewa ziwani, kwa macho nzima kabisa, nikaichokoa na kisu ikamenyeka nyeusi laini kama penseli. Ndo kutu ya kasti hiyo, maji yanakula chuma yanaacha grafaiti (kaboni laini nyeusi) imesimama na umbo lake lilelile, unaona pampu kumbe limebaki ganda.

Sasa mafundi wengi mjini watakwambia ichome uso kwa gesi mpaka iwe nyekundu, izimishe kwenye maji, ikishakuwa ngumu haishiki kutu. Nusu yake ni kweli. Ukipita kama nyuzi 850 ukaipoza ghafla uso unakuwa mgumu sana, na pampu ya ufukweni inavuta maji pamoja na mchanga, mchanga unakwangua kila tabaka la kutu linalotaka kutulia, chuma kinabaki wazi kinaliwa tena. Uso mgumu haukwanguliki haraka, kwa hiyo kwa impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, faida naiona na sibishi.

Ila ugumu sio kinga ya kutu jamani. Kasti ina kaboni asilimia 2 hadi 4, kubwa yake imekaa kama vipande vyembamba vya grafaiti, na ndani ya maji grafaiti na chuma vinafanya kazi kama betri, anayeliwa ni chuma. Moto wa gesi hauondoi vile vipande, viko palepale, halafu kupoza ghafla kunaleta nyufa nyembamba kama unywele na maji yanapata pa kujificha. Na ukiipitisha kwenye mashine ya kukereza kabla ya kuchoma ndo umeondoa ile ngozi ya nje ya kasti, iliyotoka nayo kwenye kalibu (umbo la kumiminia chuma), iliyokuwa inakinga kidogo.

Kuchoma kwa leza (mwale wa mwanga mkali) ni habari nyingine. Inayeyusha uso kidogo tu, grafaiti inamezwa na chuma, kinaganda haraka bila vile vipande, betri haipo tena. Kuna na kuingiza naitrojeni na kaboni usoni kwenye nyuzi kama 570, hiyo inaweka tabaka linalozuia kutu, kampuni ya magari General Motors wanafanya hivyo kwenye diski za breki sababu ya kutu.

Kwa gesi tuliyonayo huku, mimi ile hauzingi nisingeichoma, ningeisugua ikiwa mpya nikaipiga rangi ngumu ya epoksi. Impela ningechoma, halafu nairudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hivi, ili isipasuke.