Majani Mabichi, Makala Yale Yale

Kuna familia moja kwenye video za simu imetuharibia amani Goma nzima. Haina jina moja: leo ni ya Wajerumani, kesho ya Waaustralia, lakini ni ile ile. Baba kifua wazi, mama na ua sikioni, watoto wanne wanakimbia mchangani, bahari nyuma yao. Mezani maembe, nazi na majani. Sufuria hakuna, moshi hakuna. Wanahubiri kula vibichi, kujishughulisha, kutembea peku na kukaa ufuoni. Wanasema chakula kikipita digrii 48 kimekufa. Basi sisi tuliolelewa na bugali na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, tumekuwa walaji wa maiti!

Sina ugomvi na majani. Soko la Virunga limejaa karoti, shu (kabichi), avoka (parachichi), marakuja na nanasi. Ugomvi wangu ni hesabu. Mtu akisikia "usipike", akili yake inaruka moja kwa moja kwenye gunia la makala, yaani makaa ya kupikia. Baba mwenye nyumba anatabasamu. Anaona mbabula, jiko la makala, imegeuzwa kinyumenyume uani, kuku amelala juu yake. Pole, Papa. Moto uliotoka chini ya maharagi unahamia chini ya maji.

Karoti ya mchuzini haiogopi maji ya ziwa kwa sababu itachemka nayo. Karoti mbichi inafika mdomoni na kila ilichogusa: udongo wa shambani, gunia, mikono ya wachuuzi watatu, na yale maji ya kuinyunyizia ili ing'ae sokoni. Na kipindupindu huku si mgeni wa kupita. Kina kitanda chake. Kwa hiyo mboga mbichi inaoshwa kwa maji yaliyotibiwa, na maji yenyewe ya kutibu ni mengi kuliko ya kupikia.

Ukiamua kuchemsha, mbabula ya kawaida inaweza kumeza karibu kilo nzima ya makala kwa bidoni (dumu) moja la lita 20. Tena watu wanayachemsha nusu saa mpaka mengine yamepaa hewani, kana kwamba wanapika kongoro. Dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,460 na kitu maji yanatokota kwenye digrii 95 hivi badala ya 100. Kwa vijidudu hiyo ni joto la kutosha. Wanaoumia ni maharagi, ndiyo maana yanakaa motoni mpaka mtu anasahau alikuwa anapika nini.

Au tumia javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Isiwe na manukato, isiwe na sabuni, iwe ya asilimia 5. Maji ya kunywa yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kisha matone mawili kwa lita. Bidoni la lita 20 ni matone 40, lakini nani atahesabu matone 40 huku mtoto analia na mgeni anabisha hodi? Vuta mililita 2 kwa bomba la sindano, maliza. Tikisa, subiri dakika 30, nusa. Harufu kidogo ya javeli lazima iwepo. Isipokuwepo, rudia kipimo kile kile na usubiri robo saa nyingine. Na harufu ikikosekana kila mara, lawama zielekee kwenye chupa. Ile javeli inayopimwa tena kwenye vichupa vya soda na kuanikwa juani kando ya barabara imeshapoteza nguvu kabla hujashuka kwenye pikipiki.

Maji ya kuoshea mboga yana kipimo kingine, na hapo wengi wanachanganya. Toa udongo kwanza, kwa sababu javeli inachoka ikipigana na matope. Shu livue majani mawili ya nje. Saladi ichanwe jani moja moja, maana uchafu umejificha kwenye shina. Halafu kijiko kimoja cha chai cha javeli kwa lita 5, mboga izame yote, dakika 15. Mwisho suuza kwa maji yaliyotibiwa. Narudia: yaliyotibiwa! Kuna mtu anafanya kazi hiyo yote kama daktari wa upasuaji, kisha anasuuza kwa maji mabichi ya ziwa kutoka Kituku, ili harufu itoke. Harufu imetoka, kipindupindu kimerudi. Nyanya iliyopasuka usihangaike nayo, hiyo ni ya kikaango.

Haya, saladi iko mezani. Sasa uile mpaka ushibe, nikuone. Shu kilo moja ina kalori 250 hivi. Mwanamume anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kutwa anataka 2,500 na zaidi, yaani kilo kumi za shu. Kilo kumi! Huyo atatafuna tangu alfajiri, chukudu itasukumwa na nani? Kwa karoti ni kilo sita. Kwa avoka kubwa za gramu 200 za nyama, nane zinatosha, lakini mtu aliyekula avoka nane asipangiwe kazi ya mbali na choo. Unga nusu kilo, ukisongwa bugali, unakupa zaidi ya 1,700, na mtu anainuka mezani bado ana meno.

Mwaka 1999 watafiti wa Giessen, Ujerumani, walichapisha walichokiona kwa watu wanaokula mbichi kwa miaka. Wengi walikonda, na kati ya wanawake wa chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi yao ilivurugika au ilikatika kabisa. Hao ni watu wa supamaketi na friji. Na hakuna jani wala mwani unaoaminika kumpa mtu vitamini B12. Kwetu inatoka kwenye samaki, yai, maziwa au nyama. Mtoto ndiye anaumia zaidi, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na saladi ni maji na nyuzi. Anajaa kabla hajala. Wa chini ya miaka minne karoti yake ikunwe, isikatwe vipande vya kumkaba. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata kama familia ya simu inamlambisha.

Na aliyetaka kuonyesha ulimwengu kwamba inawezekana alikwisha jaribu. August Engelhardt, Mjerumani, mwaka 1902 alihamia kisiwa cha Kabakon, kwenye koloni la Wajerumani huko Papua Guinea Mpya, ale nazi tupu na avae jua tupu. Nazi inaota juu karibu na jua, akasema, basi ndiyo chakula cha kumkaribisha mtu kwa Mungu. Wafuasi walimfuata, baadhi wakafa, wengine wakapanda meli kurudi kwao. Yeye alibaki mifupa na vidonda, akafa 1919. Na huyo bahari ilikuwa mlangoni, nazi zinamdondokea zenyewe! Sisi mnazi hautaki baridi yetu, bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita elfu moja, na ile yetu wenyewe ni kipande cha kilomita 40 hivi huko Muanda, upande wa pili wa nchi.

Umbali huo wa bahari una jambo kubwa kuliko nazi. Hawa wa chakula hai wanakimbia chumvi ya kiwandani. Wanasema mwili unapata madini kutoka kwa samaki wa baharini, mwani na upepo wa pwani. Kwao sawa. Kivu udongo hauna iodini ya kutosha. Kisiwa cha Idjwi, hapo mbele ya macho yetu, kimechunguzwa na madaktari tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Iodini ilikuwa pungufu, na mihogo isiyoandaliwa vizuri ikazidisha. Sasa chukua mtu wa Kivu, mnyime chumvi yenye iodini, halafu mlishe shu bichi kila siku, ambalo nalo likiliwa kwa wingi linaizuia tezi ya shingoni kuishika hata ile iodini kidogo iliyopo. Umemtengenezea rovu kwa mikono yako, tena kwa jina la afya. Kwa mtu wa huku bahari inafika ndani ya pakiti ya chumvi. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na mvuke, isikae wazi juu ya dirisha.

Sombe ndiyo usiiguse na mambo yako ya digrii 48. Jani la muhogo lina sianidi iliyofungwa ndani. Kutwanga kunapasua jani ili kimeng'enyo chake chenyewe kiifungue, na kuchemsha sufuria ikiwa wazi kunaifukuza hewani. Anayetwanga bila kuchemsha vya kutosha ameifungua sumu akaiacha nyumbani. Muhogo mchungu ni hivyo hivyo. Unga wake ukitiliwa shaka, uloweshe, uutandaze usizidi sentimita moja, saa 2 juani au 5 kivulini, ndipo usonge. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu, unajulikana Kongo kwa njia hiyo, na haujali kama ulikuwa na njaa au ulikuwa na falsafa. Maharagi mekundu mabichi nayo, manne au matano tu, yanatosha kumtapisha mtu mzima. Kuyaotesha vichipukizi hakuyasafishi. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, yatokote kwa nguvu, usiyaachie moto wa uvivu.

Kuna na msomi wa sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwani. Anazikamulia ndimu, zinageuka nyeupe, anasema zimeiva. Ndimu imegeuza rangi tu. Minyoo ya samaki inakufa kwa moto, au kwa baridi ya digrii 20 chini ya sifuri kwa siku 7 mfululizo. Siku saba mfululizo za umeme, ndugu yangu, hapa Goma! Ukizipata nijulishe, nilete pasi zangu zote.

"Basi lima mwenyewe, ujue kinachotoka." Nimesikia. Kulima juu ya nini? Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 imelala mpaka katikati ya mji, jembe linatoa cheche. Kinachofaa ni gunia. Chukua kopo kubwa uliondoe kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ndani yake jaza mawe ya lava ya ukubwa wa ngumi, pembeni udongo sehemu mbili na mbolea iliyooza sehemu moja. Livute kopo juu, jaza tena, mpaka mdomoni. Toboa matundu ubavuni, sentimita 20 kati ya moja na lingine, yasipangane mstari. Asiyeweka mawe ya katikati anaona juu matope, chini vumbi, na miche ya chini inakauka akiwa anamwagilia kila siku. Maji ya gunia ni lita 5 kwa siku. Tumerudi kwenye bidoni.

Na bidoni ndilo linanichekesha kwenye yale "maisha ya kujishughulisha". Baba wa baharini anabeba jiwe asubuhi, analishusha, analibeba tena, anapigwa picha. Mtoto wa mtaa wa Ndosho amebeba kilo 20 za maji kupanda kilima, hakuna aliyempiga picha, na hakuna aliyemwambia ni mazoezi. Angebebeshwa lita 5, shingo yake ingemshukuru. Kutembea peku nako ni kwa mchanga. Lava inakata kama chupa, na kidonda cha lava kinataka maji safi, sabuni na viatu.

Ufuo ndio nawapa, mradi mjue wa kwenu. Ziwa Kivu halishuki pole pole kama pwani ya picha. Mahali pengi jiwe linaisha ghafla na kina kinaanza, kwa hiyo asiyejua kuogelea asivuke kiuno na mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye, si juu ya jiwe akitazama simu. Upande wa Himbi, Keshero na Bulengo kuelekea Sake jihadhari na mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, inatuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu huku mtoto aliyechuchumaa anazimia. Mkiona shimo lina mijusi au ndege waliokufa, hapo si pa kutandika mkeka. Na aliyeanguka humo usimrukie kichwa kichwa, mkawa wawili. Mvute kwa kamba ukiwa juu.

Watoto wakitoka majini saa kumi, upepo wa ziwani umeanza, midomo imekuwa ya zambarau, na nani atawapa tango baridi? Sambaza kilo moja, zioshwe, zikauke, mafuta yawe ya moto kweli kabla hazijaingia, la sivyo zinalowa na kuvunjika. Vichwa haviondolewi. Chumvi, pilipili, bugali. Avoka ikatwe pembeni, mbichi kabisa, na ganda lake liwe limeoshwa kabla kisu hakijapita.