Jedwali la Kamati Likue Kwenda Chini

Msimu wa harusi ukichangamka hapa Dodoma, simu ya mtu mmoja inaweza kubeba makundi manne ya WhatsApp kwa mpigo: la sendofu, la harusi yenyewe, la kipaimara cha mtoto wa jirani, na moja ambalo hata hujui nani alikuunga. Kila kundi lina orodha ya ahadi. Mtu anainakili, anaongeza jina lake mwishoni, anairudisha. Wawili wakinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, atakayerudisha wa pili amemfuta wa kwanza, na hakuna anayegundua mpaka mwenye jina aulize, "Mweka hazina, mbona sijioni?"

Ndiyo maana kamati nyingi na vikoba vingi vimehamia kwenye jedwali la mtandaoni. Mara nyingi ni Google Sheets, maana halina gharama na mwenye simu ya Android karibu kila mara ana akaunti ya kulifungulia. Wawili wakiandika mistari miwili tofauti kwa wakati mmoja, yote miwili inabaki. Kuhama huko nakuunga mkono kabisa. Ugomvi wangu ni na namna watu wanavyoongeza mistari wakishafika.

Wengi wanahamisha daftari la karatasi kama lilivyo. Majina yanapangwa kushuka, mtu mmoja mstari mmoja, halafu kulia kwake zinafuata safu: Ahadi, Malipo ya Kwanza, Malipo ya Pili, Malipo ya Tatu, Salio. Kwenye kikoba ni Wiki ya 1, Wiki ya 2, na kuendelea. Jedwali jipya la Google linakuja na mistari 1,000 na safu 26, yaani A mpaka Z. Mwaka una wiki 52. Katikati ya mwaka tu mweka hazina ameshamaliza herufi na ameingia AA, AB, AC, anasukuma kioo cha simu kwenda kulia kwa kidole gumba huku jina la mwanachama limeshapotelea kushoto. Anaandika 5,000 kwenye mstari ambao anaamini ni wa Mama Fulani.

Mimi msimamo wangu ni huu: mstari mmoja ubebe tukio moja la fedha, na uongezwe chini ya ule wa mwisho. Fedha ikipokelewa, mstari mpya. Mtu akilipa mara tano ana mistari mitano, na hilo halina ubaya wowote. Safu saba zinatosha: tarehe, namba ya mwanachama, jina, aina ya malipo, kiasi, njia iliyotumika, na aliyepokea. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuongeza safu. Jedwali linakwenda chini tu.

Mfano ulionishawishi haukutoka kwenye harusi, ulitoka kwenye zabibu. Huku kwetu zabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na ukipita Hombolo au Mpunguzi wakati wa mavuno utaona mizani ina kazi kuliko watu. Mkulima haleti mzigo wote siku moja. Leo analeta kilo 180, keshokutwa 95, wiki ijayo anamalizia. Karani aliyezoea mtu mmoja mstari mmoja anafanya nini? Anarudi kwenye kisanduku kilekile na kuandika 180+95. Kwa macho ya binadamu hiyo ni 275. Kwa programu hayo ni maandishi tu, kwa sababu hakuna alama ya = mbele yake, na fomula ya kujumlisha inairuka bila kusema neno. Kilo 275 zimepotea kwenye jumla ya siku, na kisanduku kinaonekana kizima kabisa.

Tuseme karani ni mjanja, ameweka ile alama ya =, kisanduku kinasoma 275. Bado hajapona. Siku ya malipo mkulima anasema, "Mwanangu, zile za kwanza nilileta bei ikiwa juu." Pengine ni kweli. Bei ya kilo ya wiki ile si lazima iwe bei ya wiki hii. Jedwali linajua ameleta 275. Halijui lini, kwa bei gani, wala nani alisimama mizani. Lingekuwa na mstari kwa kila upimaji, wenye tarehe, kilo na bei ya siku hiyo, wangesogeza kidole mistari mitatu na mzee angeondoka na haki yake. Mahindi ya Kibaigwa ni hivyohivyo, alizeti ni hivyohivyo. Mazao yanakuja kwa awamu na daftari linamtaka mtu aje mara moja.

Sasa, kwa nini ninasisitiza chini na si popote? Kwa sababu ya ile fomula ya jumla ambayo kila mtu huiandika na hakuna anayeirudia kuiangalia. Ukiandika =SUM(E2:E40), programu inajumlisha kuanzia mstari wa 2 hadi wa 40. Ukiingiza mstari mpya katikati, mfano baada ya wa 20, fomula inajinyoosha yenyewe na kuwa E2:E41. Ukiongeza mstari chini ya wa 40, nje ya mpaka, fomula haina habari nao. Watu wakishagundua hilo huzua dawa mbaya: kila malipo mapya wanayapachika katikati. Mwezi ukiisha tarehe zimechanganyikana, na mtu anayetafuta malipo ya jana anayakuta katikati ya yale ya Machi.

Dawa sahihi ni kuiondoa jumla pale chini. Ile karatasi ya kwanza yenye safu saba iite Malipo. Fungua ya pili ndani ya faili lilelile, iite Jumla, na fomula iandike humo hivi: =SUM(Malipo!E:E). Hapo umeiambia isome safu yote ya E, hata mistari ambayo bado haijaandikwa. Kichwa cha safu ni maneno, hakitajumlishwa. Ongeza mstari chini leo, kesho, mwakani. Jumla inafuata yenyewe.

Kuna tabia nyingine mbili za kwetu ambazo zinaumiza kila mstari mpya. Ya kwanza ni /=. Tumefundishwa shuleni kuandika 50,000/= na mkono umeshazoea. Jedwali likiona zile alama baada ya sifuri linachukua yote kuwa maneno, na SUM inairuka kama ilivyoruka zabibu. "Elfu hamsini" ni hivyo, "50k" ni hivyo. Andika 50000 basi. Sarafu utaipamba baadaye kwenye muundo wa safu. Ya pili ni tarehe. Faili likiwa limewekwa mtindo wa Marekani, 5/8 linasomwa kuwa Mei 8, na 25/8 linashindikana kabisa kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Ingia kwenye mipangilio ya faili, sehemu ya nchi, chagua Uingereza. Tarehe zitakaa siku kwanza kama tunavyoziandika sisi. Ni kazi ya dakika moja, na ifanyike kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa.

Pingamizi ninalolisikia zaidi linatoka kwa akina mama wa vikoba, na lina uzito. Wanasema, "Mimi nataka kuona jina langu mara moja, na hesabu yangu yote mbele yake." Mtu aliyeweka hisa mwaka mzima ana haki hiyo, na ukimwonyesha jina lake limetawanyika mistari mia na hamsini atahisi anazungushwa. Vilevile daftari la zamani lilijenga imani kwa sura yake: kila mtu alijua mstari wake uko wapi.

Lakini kuandika na kuonyesha ni kazi mbili, na hakuna sheria inayosema zifanyike kwenye karatasi moja. Weka karatasi ya tatu, iite Wanachama. Huko ndiko kila mtu awe na mstari mmoja: safu ya A namba yake, pembeni jina, na pembeni zaidi fomula =SUMIF(Malipo!B:B, A2, Malipo!E:E). Maana yake ni kwamba programu inapita safu yote ya namba kwenye karatasi ya Malipo, kila inapokuta namba ya mwanachama huyu inachukua kiasi chake, inajumlisha. Ukitaka kutenganisha hisa, mfuko wa jamii na marejesho, ipo SUMIFS inayokubali masharti zaidi ya moja. Karatasi hii hakuna mtu anayeiandika kwa mkono. Ndiyo ya kuwaonyesha wanachama siku ya kikao, na ndiyo ya kuchapa mkienda halmashauri kuomba ule mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Na ni namba, tafadhali, siyo jina. Mama Junior wa leo kesho ameandikwa M/Junior, keshokutwa mama junior wa Nkuhungu. Programu haina ujirani na mtu. Kwake hao ni wanawake watatu.

Nani aongeze mistari? Hapa kamati nyingi zinakosea kwa upole. Linki inarushwa kwenye kundi ikiwa na ruhusa ya kuhariri kwa kila mtu, eti uwazi. Uwazi ni kuona. Wapeni wote ruhusa ya kutazama, na kuandika kubaki kwa mweka hazina na katibu. Shemeji akifungua jedwali kwenye daladala ya kwenda Mtumba, kidole kikateleza, amefuta mchango wa mtu bila hata kujua. Historia ya matoleo itaonyesha kilichobadilika na mtaweza kurudi nyuma, lakini kabla ya kufika huko kuna mtu atakuwa ameshaitwa mwizi.

Kwa mwenye simu ndogo, njia nyepesi zaidi ni kutengeneza fomu ya Google iliyounganishwa na jedwali. Mweka hazina anajaza namba ya mwanachama, jina, aina, kiasi, njia na aliyepokea, kwa mpangilio uleule, anatuma. Mstari mpya unaongezeka wenyewe, na tarehe na saa vinajigonga bila kuandikwa. Hagusi mistari ya nyuma kabisa. Tahadhari ni moja: msiandike fomula pembeni ya majibu ya fomu mkitegemea itashuka kwenye mistari mipya. Haitashuka. Mahesabu yote yapelekeni kwenye zile karatasi nyingine.

Na mkikosea kiasi? Kuna wanaofuta mstari mzima na kuandika upya. Mimi nafuata watunza vitabu wa zamani: mstari uliokosewa unaachwa, unaongezwa mwingine chini wenye alama ya kutoa, -20000, na kwenye aina unaandika "marekebisho". Shangazi aliyerudishiwa fedha zake anaziona zikiingia na anaziona zikitoka. Ukifuta, anaona pengo kwenye kumbukumbu yake na hana pa kuuliza.

Hofu ya mwisho, ambayo kila ninapoeleza haya lazima mtu aitoe, ni kwamba mistari itajaa. Haikutoka hewani. Mwaka 2020 huko Uingereza, idara ya afya ilikuwa ikipokea matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, zile zinazoishia mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa. Faili likajaa, waliozidi wakabaki nje, na wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye taarifa za siku zao wala kwa wale wa kuwafuatilia waliokutana nao. Excel ya mtindo mpya, tangu 2007, inafika mistari 1,048,576, kwa hiyo kosa lilikuwa kung'ang'ania aina ya faili iliyopitwa na wakati.

Basi tupige hesabu ya kikoba. Wanachama 30, wiki 52, na kila mmoja kila wiki ana hisa, jamii na rejesho: mistari 4,680 kwa mwaka. Jedwali lilianza na 1,000, kwa hiyo shuka mpaka mwisho kabisa, utakuta sehemu ya kuongeza mistari 1,000 mingine, bonyeza mara nne. Google wanaruhusu visanduku milioni 10 kwa faili moja, na vilivyo wazi vinahesabiwa pia, hivyo futa zile safu 19 ambazo hamzitumii. Kwa safu saba mnatumia visanduku 32,760 kwa mwaka. Mtajaza faili baada ya miaka zaidi ya 300, na kwa jinsi ninavyovijua vikoba vyetu, Desemba hii tu mtakuwa mmeshavunja na kugawana.