Rimoti ya geti isidaiwe leseni, ila ifuate masafa yetu

Kila aliyenunua gari lililotumika kutoka Japani analijua jambo hili. Unawasha redio, CBS unaipata kwenye 88.8, lakini ukitafuta Capital kwenye 91.3 au Simba kwenye 97.3, namba zinagota 90 na hazisogei tena. Redio si mbovu. FM ya Japani inaanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90; sisi tunatangaza kuanzia 87.5 mpaka 108. Basi unapeleka gari kwa mafundi wa Kisekka, unafungiwa ekspanda, kile kifaa cha kuiwezesha redio ya Kijapani kupata stesheni zetu, unalipa, maisha yanaendelea.

Hiyo ni hasara ndogo, tena inamgusa mwenye gari peke yake. Mimi nataka tuzungumzie vifaa visivyo na kioo cha kuonyesha namba, ambavyo mwenye navyo hajui vinatumia masafa gani, na ambavyo vikikosea anayeumia ni jirani. Rimoti ya geti. Ufunguo wa gari. Kengele ya wizi isiyo na nyaya. Simu ya mezani ya kutembea nayo chumba hadi chumba. Maikrofoni ya kanisani. Kipimo cha unyevu shambani. Mashine ya kusomea vibandiko vya mizigo ghalani. Vyote hivyo ni redio, vinarusha mawimbi, na vingi vinaingia Uganda bila mtu kuuliza vilitengenezewa nchi gani.

Msimamo wangu nausema mapema. Vifaa hivi vyenye nguvu ndogo na vya umbali mfupi visidaiwe leseni hata kimoja. Lakini viwe na orodha moja ya masafa, nguvu na masharti, orodha ileile Kampala, Nairobi, Kigali, Juba, Bujumbura, Dodoma, Kinshasa na Mogadishu, na ukaguzi ufanyike bidhaa inapoingia. Asisumbuliwe mwananchi ambaye ameshanunua na kufunga.

Kazi yangu ni kufunga mageti ya umeme na kengele za wizi, kwa hiyo nayaona haya kila wiki. Hivi karibuni alikuja mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mzee anayekuja Kampala kununua mali na kurudi nayo Kongo. Alikuwa amenunua mota ya geti hapa mjini, na rimoti za ziada akaziagiza nje kwa sababu zilikuwa rahisi. Hazikufungua. Nikazifungua mbele yake juu ya kaunta. Ndani ya rimoti kuna kikopo kidogo cha chuma, hakifiki ukubwa wa punje ya hindi, na juu yake maandishi yanayohitaji jicho zuri: R315. Nikafungua kipokezi cha mota, kikopo chake kimeandikwa R433. Nikamwambia, "Papa, hizi haziwezi kusikilizana. Moja inaongea kwenye megahezi 315, nyingine inasikiliza kwenye 433." Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa ni nani alipashwa kunielezea ile?"

Swali lake ni la haki, na ndilo linaloniandikisha makala haya. Muuzaji hajui. Boksi halisemi, au linasema kwa herufi za Kichina. Forodha wanaangalia thamani na kodi. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ina kazi ya kuidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa, lakini rimoti hupitia mlango mwingine: hubebwa kwenye begi, huchanganywa na vipuri, huagizwa mtandaoni kwa kifurushi.

Chanzo chenyewe ni cha zamani. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeigawa dunia katika kanda tatu za masafa. Afrika tuko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, Mashariki ya Kati na nchi zilizokuwa za Kisovieti. Amerika zote mbili ni Kanda ya 2. Sehemu kubwa ya Asia pamoja na Pasifiki, Japani ikiwemo, ni Kanda ya 3. Masafa mengine ni ya wote: megahezi 13.56, yaani kadi za benki na pasipoti, na gigahezi 2.4, yaani Wi-Fi na Bluetooth. Mengine ni halali kanda moja na ni balaa kanda nyingine.

Chukua simu za mezani za Marekani zisizo na waya, zile zinazoandikwa DECT 6.0 kwenye boksi, pamoja na vifaa vya kusikilizia mtoto chumbani vya aina hiyo. Watu wetu wengi wanaishi Waltham, kule Massachusetts, na mtu akijifungua huku, shangazi anatuma kifurushi. Ni zawadi ya upendo. Kifaa hicho kinarusha kati ya megahezi 1920 na 1930, eneo ambalo Marekani imelitenga kwa kazi hiyo. Kwetu eneo hilo ndipo simu za 3G zinapopandishia mawimbi kwenda mnarani, kuanzia 1920 hadi 1980. Cha Ulaya kingetumia 1880 hadi 1900 na kisingemgusa mtu. Tena kitako cha simu hiyo hurusha ishara muda wote ukiwa umekichomeka kwenye umeme, hata kama hakuna anayeongea. Familia nzima imelala, kifaa kinaendelea kuugombanisha mnara wa jirani na wateja wake.

Mtu atasema: kifaa kile ni kidogo, kitaumiza nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mnara kazi yake kubwa ni kusikiliza. Simu iliyoko bondeni kilomita kadhaa inafika kwenye antena ikiwa dhaifu kupita kiasi, na mnara umetengenezwa kuinasa hivyohivyo. Ukimwekea karibu mtu anayepiga kelele kwenye masafa yaleyale, hata kwa sauti ya kawaida, yule wa bondeni hasikiki. Anaona simu yake inakatika, analaumu kampuni ya simu, anabadilisha laini, na kwenye laini mpya hali ni ileile.

Kesi mbaya zaidi ni ya megahezi 902 hadi 928. Marekani wanaipenda sana: mita za kisasa, mashine za kusomea vibandiko vya mizigo, vipimo vya mashambani, mpaka wati 1 kwa baadhi ya vifaa. Hapa kwetu simu za GSM hupandisha mawimbi kwenda mnarani kati ya 880 na 915, na minara huyateremsha kati ya 925 na 960. Kwa hiyo mashine ya ghala iliyotengenezewa Chicago, ikiwashwa pale eneo la viwanda la Nalukolongo au Namanve, inaingia katikati ya mazungumzo ya watu. Mashine ya Ulaya ya kazi ileile hutumia 865 hadi 868, na vibandiko vingi huweza kusomwa na zote mbili. Mwenye ghala hapungukiwi chochote akinunua ya pili. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kabla hajalipa.

Ulaya wamelishughulikia jambo hili kwa waraka mmoja unaoitwa Pendekezo 70-03, wa jumuiya yao ya tawala za mawasiliano, CEPT, yenye nchi zaidi ya 40. Ni majedwali. Kila mstari unasema masafa, nguvu ya juu, na muda ambao kifaa kinaruhusiwa kurusha. Hicho cha tatu ndicho ninachokiheshimu zaidi. Kwenye 868.0 hadi 868.6, kwa mfano, kifaa kinaruhusiwa miliwati 25, na kama hakina mbinu ya kusikiliza kwanza, kisirushe zaidi ya asilimia 1 ya muda. Asilimia 1 ya saa ni sekunde 36. Kipimo cha unyevu wa udongo hakihitaji hata hizo: kinaamka, kinatuma namba chache, kinalala. Mamia ya vipimo yanakaa kwenye kipande kimoja cha masafa bila ugomvi kwa sababu kila kimoja kinanyamaza karibu muda wote. Ndiyo maana naona leseni ya nini? Leseni haiongezi kitu pale ambapo nguvu na muda vimeshawekewa mpaka. Kifaa cha namna hii kina masharti mawili tu kwa mwenye nacho: kisimwingilie mwenye leseni, na kikiingiliwa kisidai ulinzi.

Wapo watakaosema basi tunakili waraka wa Ulaya, tupige muhuri, tumalize. Nakubali robo tatu ya njia. Robo iliyobaki iko barabarani. Magari yetu mengi ni ya Japani, na funguo zake nyingi, pamoja na vipimo vya upepo wa matairi, zinatumia 315 au jirani zake 312 na 314. Sheria ya Japani inaruhusu vifaa dhaifu mno virushe bila leseni, na chini ya megahezi 322 inaviachia nguvu kubwa zaidi kuliko juu yake. Hapo ndipo 315 ilipopata makazi. Katika orodha ya Ulaya 315 haimo, kwa sababu kule eneo hilo liko mikononi mwa majeshi kwa sehemu kubwa. Tukinakili bila kutazama, kila mwenye Premio, Noah na Harrier atakuwa amevunja sheria mfukoni mwake. Hiyo haiwezi kuwa sheria ya watu wazima. 315 iandikwe kwenye orodha yetu, kwa nguvu ileile hafifu ya Kijapani, kwa ajili ya funguo na matairi, na isiruhusiwe kwa mageti na kengele, ambako 433.92 ipo na inatosha. (Kifaa cha kulipia ushuru wa barabara za Japani, kile chenye sauti ya yule mama inayokulaki kila ukiwasha gari, kinatumia gigahezi 5.8 na huku hakina wa kuongea naye. Hicho kiacheni.)

Maikrofoni zinahitaji mstari wake. Makanisa na kumbi zetu zimejaa maikrofoni za kutumika zilizonunuliwa nje. Marekani ilizipiga marufuku kwenye megahezi 698 hadi 806 tangu Juni 2010, kwa sababu eneo hilo lilipewa simu. Tangu televisheni ya analogia izimwe, na sisi tumeelekea njia hiyohiyo, 700 na 800 vikawa vya intaneti ya simu. Maikrofoni ya aina hiyo haijui kwamba mambo yamebadilika. Mchungaji anaona sauti inakatikakatika katikati ya mahubiri, anamgombeza kijana wa mitambo.

Kwa nini nang'ang'ania Afrika Mashariki nzima badala ya Uganda peke yake? Simama Busia. Mtaa mmoja, nchi mbili, na mawimbi hayapiti dirisha la uhamiaji. Au simama ufukweni Entebbe: kifaa cha miliwati 25 cha kutuma taarifa fupi polepole, kikiwa na antena nzuri na maji matupu mbele yake, kinaweza kuvuka kilomita nyingi. Ziwa ni moja, wadhibiti ni watatu. Mahali pa kukubaliana tayari papo: EACO, shirika la wadhibiti wa mawasiliano la Afrika Mashariki lenye makao Kigali. Tanzania na Kongo ziko pia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yenye mpango wake wa masafa, kwa hiyo orodha yetu lazima isigongane na ile. Kazi hiyo si ndogo, lakini ni ya mezani.

Faida yake kubwa kwangu haiendi kwa makampuni makubwa. Hao wana wanasheria wa kuomba vibali nchi nane. Namfikiria kijana aliyemaliza Makerere, ametengeneza kipimo cha kukaushia kahawa kwa wakulima wa Mlima Elgon. Mlima ule una upande wa Mbale na upande wa Trans Nzoia, kahawa ni ileile, mvua ni ileile. Akitaka kuuza upande wa pili anaanza upya: fomu, sampuli, ada, kungoja. Kama kifaa kimeidhinishwa Kampala, Nairobi wakipokee. Pasipoti ya Afrika Mashariki yenye chipu, tuliyoanza kuipata Desemba 2018, inasomeka Malaba na inasomeka London kwa sababu dunia ilikubaliana juu ya 13.56. Hakuna aliyepoteza enzi ya nchi yake kwa hilo.

Ukaguzi nao una mahali pake. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, mizigo mingi ya Uganda inamalizwa Mombasa na Dar es Salaam. Hapo ndipo orodha ikae, kwenye kompyuta ya anayepitisha kontena, namba za masafa zikiwa sehemu ya maelezo ya bidhaa kama ilivyo volti na wati. Boksi liwe na kibandiko chenye masafa kwa tarakimu kubwa. Na kwenye maduka ya Mutaasa Kafeero ibandikwe karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza: rimoti 433.92, vipimo 863 hadi 870, simu ya mezani 1880 hadi 1900, 915 usiuze. Muuzaji wa Kampala anajua kutofautisha betri feki na halisi kwa kuipima mkononi. Hawezi kushindwa na namba nne.

Vilivyokwisha kuingia majumbani visifanyiwe msako. Askari kubisha hodi kutafuta kifaa cha kusikilizia mtoto ni aibu, tena watu watavificha. Mafundi kama mimi tupewe orodha na mamlaka ya kumwambia mteja: mama, hiki kichomoe, leta nikupimie, hiki hapa kingine cha masafa yetu. Makanisa yapewe muda unaoeleweka, mwaka mmoja au miwili, ya kubadilisha maikrofoni, na wanaozileta kwa jumla ndio watozwe faini wakirudia. Na yule mzee wa Butembo nilimbadilishia kikopo cha 315 kwa cha 433 kwenye kila rimoti, kazi ya koleo na subira, akaondoka na mzigo wake kuelekea Mpondwe.